Baada ya Saa Nane

Ilikuwa Ramadhani, kama saa kumi za alasiri, walipomleta mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, akiwa hajitambui. Wanawe wawili na jirani walimteremsha kwenye tuktuk mlangoni mwa idara ya dharura. Kanzu ilikuwa imelowa jasho hadi mgongoni, ngozi baridi, meno yamebana. Muuguzi alimchoma kidole akapima sukari: 1.7. Chini ya 4 tayari ni hatari. Tukamtia glukosi mshipani, na kabla sindano haijaisha akafumbua macho, akauliza kama kumeshaadhiniwa.

Nikaomba kuona dawa zake. Binti yake akafungua fundo la leso, akanipa kadi ya kliniki. Glibenklamidi, dawa ya kisukari, miligramu 5, asubuhi na jioni. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Daktari, twampa vile ulivyoandika," aliniambia, na hapakuwa na lawama sautini mwake. "Asubuhi ndiyo daku, jioni ndiyo futari. Hatujamkosesha hata siku moja."

Nilimwandikia mwishoni mwa Shaaban, siku ambayo foleni ilifika hadi ngazini. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajatia kitu tumboni, na nguvu yake hudumu saa nyingi, hasa kwa mzee ambaye figo zake zimechoka. Mimi nimezaliwa kisiwa hiki hiki, nafunga tangu utotoni, na sikumuuliza kama anafunga. Tulimlaza usiku ule na dripu ya glukosi kwa sababu sukari iliyoshushwa na dawa hiyo huweza kushuka tena baada ya kupanda, nami nilikaa karibu na kitanda chake hadi daku. Binti yake alinitilia kahawa kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Sikuweza kumwangalia usoni.

Chuoni nilipata alama nzuri za famakolojia. Ningekutajia jinsi glibenklamidi inavyofunga milango ya potasiamu kwenye seli za kongosho, hutolewaje mwilini, inagongana na dawa zipi. Hakuna aliyewahi kuniketisha mbele ya mgonjwa akanifundisha kumwandikia. Tulifundishwa dawa kwa majina na makundi mwaka wa pili na wa tatu, kisha tukaingia wodini tukajifunza kuandika kwa kuchungulia kalamu ya aliyetutangulia. Naye alichungulia ya aliyemtangulia.

Ndiyo sababu nilipoombwa kuwafundisha madaktari wanagenzi, wale wanaomalizia mwaka wao mmoja wa mafunzo hospitalini kabla ya kupewa leseni kamili, niliomba Alhamisi alasiri na chumba kidogo nyuma ya wodi. Mfamasia wetu, mama mmoja aliyepokea vyeti vya dawa dirishani kwa miaka mingi kuliko umri wangu wa kazi, akaniletea mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 1994 kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari. Una hatua sita: ijue shida ya mgonjwa, sema unataka tiba ifanikishe nini, hakikisha dawa unayoipenda inamfaa mgonjwa huyu, andika, mweleze na umwonye, kisha fuatilia au simamisha. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliojaribu njia hiyo kwa wanafunzi wa vyuo 7 vya nchi mbalimbali, na waliofundishwa hivyo waliandika dawa vizuri kuliko wenzao. Nilipousoma nilimkumbuka mzee wangu. Hatua ya tatu ndiyo niliyoiruka.

Kuna jambo jingine huwa nawaambia siku ya kwanza, kwa sababu wengi wao hudhani maarifa haya yameshuka kutoka Ulaya. Maelezo ambayo dunia nzima huyatumia kueleza maana ya kutumia dawa ipasavyo yalitoka kwenye mkutano wa wataalamu uliofanyika Nairobi, Novemba 1985: mgonjwa apate dawa inayolingana na maradhi yake, kwa kipimo kinachomfaa yeye mwenyewe, kwa muda wa kutosha, na kwa gharama ndogo kabisa kwake na kwa jamii yake. Ni sentensi moja tu, lakini ukiwa na mgonjwa mbele yako utaona vile kila kipande chake kinavyodai kazi yake.

Sharti langu la Alhamisi ni hili: hakuna anayeruhusiwa kutaja jina la dawa kabla hajatuambia shida ni nini hasa, tunataka nini kitokee na kwa siku ngapi, na ingekuwaje tusingempa dawa yoyote. Wiki za mwanzo wanateseka. Wamezoea ukiwaambia "kikohozi" wakujibu "amoksilini", kama watoto wa madrasa wanaomalizia aya.

Mwanagenzi mmoja, kijana hodari aliyetoka bara, alituletea mtoto wa miezi kumi na minne aliyekuwa akihara siku ya pili. Mamake alikuwa amevuka na feri asubuhi kutoka Likoni. Kinyesi hakina damu, mtoto anakunywa kwa uchu, macho yamebonyea kidogo. Kijana alikuwa ameandika vitu vinne: metronidazoli, antibiotiki nyingine ya maji, ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki.

"Metronidazoli ya nini?"

"Pengine ni amiba, daktari."

"Umeona nini kinachokuambia ni amiba?"

Akanyamaza, akaikata. Ya pili akaikata mwenyewe bila kuulizwa. Zikabaki ORS na zinki, nami nikaona uso wake umeingia wasiwasi, kama mtu aliyealikwa karamuni akaenda mikono mitupu. Wasiwasi huo naujua. Cheti chenye dawa mbili hukufanya ujione hujafanya kazi. Lakini mtoto yule alihitaji maji na chumvi alizopoteza, na zinki ya kufupisha kuhara kwake. Dawa nyingine mbili zingemletea kichefuchefu tu, na wadudu wanaozizoea.

Nikamwomba kijana amuulize mama atakavyoichanganya ORS nyumbani.

"Nakata pakiti," mama akasema, "natia kijiko kimoja kwa kikombe cha maji, ile nyingine nafunga naeka."

Kijana alitaka kumkatiza, nikamgusa mkono amwache amalize. Mama alikuwa anatueleza anavyofanya siku zote, na jinsi alivyofanya kwa mtoto wake wa kwanza. Kila kikombe kilikuwa na chumvi yake, hiki kali, kile maji matupu. Tukatuma mtu kantini alete chupa ya soda ya nusu lita iliyokwisha, tukaiosha, tukaijaza maji safi, tukamimina pakiti nzima humo mbele yake. Akaonja. "Kumbe ni kama machozi," akasema. Tukamwambia ikilala hadi kesho saa kama hii, aimwage achanganye nyingine.

Kisha yeye ndiye akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria: "Na hizi tembe za zinki, akiacha kuhara kesho, niache?" Hapana, aendelee hadi siku kumi. Kijana aliitikia kwa kuandika kwa mkono mkubwa juu ya bahasha: SIKU 10, HATA AKIPONA. Sijui kama mama yule alikuwa anasoma. Alikunja bahasha kwa uangalifu sana, akaitia kifuani.

Kuhusu maneno, nilijifunza kwa baba mmoja wa Changamwe. Mtoto wake wa miaka minne, kilo 16, alipimwa malaria akakutwa nayo, akapewa AL (artemetha na lumefantrini): tembe mbili kila mara, mara sita, kwa siku tatu. Dozi ya kwanza alimezeshwa pale pale kliniki, saa nne asubuhi. Dozi ya pili inatakiwa iingie masaa manane baadaye, kisha zinazofuata asubuhi na jioni kwa siku mbili. Mwanagenzi wetu alimweleza kwa Kiswahili kizuri tu: "Mpe nyingine baada ya saa nane."

Kesho yake baba akarudi kwa sababu mtoto anatapika. Tulimuuliza dozi ya pili alimpa saa ngapi. Akatazama saa yake ya mkononi, kana kwamba bado imeandikwa humo. "Saa nane na dakika tano. Nilingoja saa nane ipite, vile mlivyosema."

Masaa manne baada ya ile ya kwanza. Mchana wa saa nane, mtoto ana joto, hajala, akatapika. Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini ili asikose wakati. Hapakuwa na kosa lolote kwake.

Alhamisi iliyofuata niliiandika sentensi ile ubaoni nikawaambia wanagenzi wanane waandike kila mmoja kwenye karatasi yake maana yake ni nini, wasitazamiane. Watano walisema masaa manane kupita. Watatu walisema saa nane ikishapiga. Wote walikuwa sawa, na hilo ndilo lililonishtua, kwa kuwa sentensi ile ile nimeisema mimi mwenyewe miaka na miaka. Tangu siku hiyo tunataja saa yenyewe: "Sasa ni saa nne. Nyingine utampa saa kumi na mbili jioni, karibu na magharibi. Mpe na maziwa au andazi." Mafuta kidogo ya chakula huisaidia AL kuingia mwilini, kwa hivyo lile andazi nalo ni sehemu ya dozi.

Wale waliosomea bara wana mtego wao. Kichwani wanafikiri saa ya Kizungu, mdomoni wanatafsiri tarakimu: wanamwambia bibi "saa nane asubuhi" wakikusudia saa mbili. Bibi mmoja wa Kisauni alimrekebisha mwanagenzi kwa upole, "Saa nane ni mchana, mwanangu, nimeshakula na kulala." Huyo alisema. Wangapi hawasemi?

Halafu kuna "kutwa mara tatu", maneno yaliyochapwa kwenye bahasha za dawa kila pembe. Kutwa, kwa mtu aliyelelewa na Kiswahili, ni jua linapochomoza hadi linapotua. Usiku ni kucha. Niliwahi kumkuta mama aliyempa mtoto dawa saa moja asubuhi, saa sita na saa kumi na moja, kisha hakuna kitu hadi kesho yake, kwa sababu karatasi ilisema kutwa. Alisoma vizuri kuliko aliyeandika. Siku hizi tunafunga dawa kwenye jambo ambalo mgonjwa tayari halikosi. Kwa wanaoswali, dawa ya mara mbili nafunga kwenye alfajiri na magharibi. Kwa mvuvi anayetoka usiku au mlinzi wa zamu pale bandarini, namuuliza kwanza siku yake inaanza saa ngapi. Mwanagenzi anayechukua dakika mbili kuuliza hivyo, ninamhesabia kuwa ameshajua nusu ya kazi.

Wodini kuna ugumu wa aina nyingine. Huko mgonjwa hasemi sana na faili ndiyo inayozungumza. Nilianza kuuliza swali moja kwenye raundi: "Seftriaksoni hii, leo siku ya ngapi?" Kimya. Mwanagenzi anafungua kurasa nyuma. Siku ya tisa. Ilianzishwa na nani, kwa ugonjwa gani? Iliandikwa usiku wa kulazwa, "kwa tahadhari", na tangu hapo kila asubuhi mtu ameiandika tena kwa kuwa jana ilikuwepo. Seftriaksoni iko kwenye kundi la antibiotiki ambazo Shirika la Afya Duniani, lilipozipanga upya mwaka 2017, lilitaka zichungwe kwa karibu kwa kuwa wadudu wana uwezo mkubwa wa kuzizoea. Kwetu ilikuwa kama chai ya asubuhi.

Daktari bingwa mmoja hakupendezwa na swali langu. Aliniambia mbele ya wanafunzi kwamba yeye ameponya watu kwa dawa hiyo kabla sijajua kushika kalamu. Sikumjibu pale. Lakini niliona jinsi macho ya wanagenzi yalivyohama kutoka kwangu kwenda kwake, na nikaelewa kuwa masomo yangu yote ya Alhamisi yanaweza kufutwa na mtu mmoja mwenye cheo asubuhi ya Ijumaa. Mwanafunzi huandika anachoandika mkubwa wake. Kwa hivyo nikaacha kuwafundisha wadogo peke yao. Tulikubaliana na wauguzi kwamba kila antibiotiki itaandikwa na sababu yake na tarehe ya kusimamishwa au kutazamwa upya, na muuguzi ana haki ya kuuliza ikiwa haipo. Muuguzi akiuliza kila siku, kwa adabu, hata bingwa huchoka kukasirika. Yule bwana sasa huandika tarehe. Hatujawahi kulizungumza.

Ni wauguzi hao hao walionionyesha pia herufi "U" ya yuniti kwenye insulini: 10U iliyoandikwa haraka ikasomwa 100. Muuguzi wa usiku aliishikilia sindano mkononi, akasita, akanipigia simu. Sasa kwetu neno yuniti huandikwa lote.

Jambo ambalo wanagenzi hulisahau kabisa ni bei. Niliwatuma wawili wawili watembee hadi maduka ya dawa ya Mwembe Tayari na Kongowea, waulize bei ya dawa moja ya presha, ile ile, kipimo kile kile, kwa jina lake halisi na kwa majina ya kampuni. Walirudi na tofauti ya zaidi ya maradufu. Mmoja wao alirudi na kitu kikubwa zaidi. Alikuwa amesimama kando ya mama mmoja mwenye cheti cha hospitali yetu, akamsikia akimwambia muuzaji, "Nitolee za siku tatu, zilizobaki nitachukua nikipata." Ilikuwa antibiotiki ya siku saba, na mwandiko kwenye cheti ulikuwa wa mwenzake.

Alitusimulia akiwa amesimama, hakutaka kuketi. Tukakaa na cheti kile alasiri nzima: je, mama yule alihitaji siku saba? Kulikuwa na dawa ya bei nafuu yenye nguvu ile ile? Kuna aliyemuuliza ana kiasi gani? Sina somo jingine lililowahi kukaa nao kama lile, na si mimi niliyelifundisha.

Wananiuliza sana wafanyeje mgonjwa akitaka sindano, au mama akikunja uso: "Nimekaa foleni tangu alfajiri, unanipa parasetamoli tu?" Nawaambia wasianze kwa kukataa. Wampime mtoto mbele yake, wahesabu pumzi zake kwa sauti dakika nzima, wamwonyeshe kifua hakibonyei, kisha wamwambie homa hii ya mafua itakwenda yenyewe, kikohozi chaweza kubaki hata wiki mbili, na ukiona anapumua mbio, au hawezi kunyonya, au amelegea, njoo hata usiku. Mama akijua cha kuangalia na lini arudi, huondoka na kitu mkononi. Akiambiwa "ni virusi" basi, ataishia duka la dawa la kwanza atakalolikuta njiani, na huko atauziwa kile alichonyimwa.

Mzee wa Mji wa Kale alipona. Dawa yake tuliibadilisha. Tangu mwaka ule, kila Shaaban, kabla mwezi haujaandama, anakuja mwenyewe na kadi yake, nami huwa namwomba ruhusa akae na mwanagenzi badala yangu. Mimi naketi pembeni na sisemi neno.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya binti mmoja wa Taita, wiki yake ya tatu nasi. Alimuuliza kama anafunga. Alimuuliza daku anakula nini, futari anafungulia nini, nani yuko naye nyumbani mchana, kama ana kipimo cha sukari, figo zake zilipimwa lini. Akapanga dozi upya na saa zake, akamwomba mzee azirudie, mzee akazirudia bila kukosea. Mimi nilidhani wamemaliza.

"Na nikishikwa na kizunguzungu saa tisa," mzee akauliza, "nikaanza kutetemeka?"

Binti akanigeukia. Nikatazama dirishani, kwenye ule mwembe wa uani. Akamgeukia mzee.

"Unapima. Ikiwa chini ya 3.9, unafungua hapo hapo, mzee wangu. Na kama kipimo hakipo karibu, fungua kwanza. Maji ya sukari, au tende tatu. Hata kama imebaki nusu saa kuadhiniwa."

"Hata nusu saa?"

"Hata dakika tano."

Mzee alimtazama kwa muda. Kisha akaisukuma kadi juu ya meza hadi mkononi mwake.

"Basi liandike na hilo."